Waajiri, kabla hamjapokea wanafunzi wa fildi hesabuni kwanza wasimamizi

Mpanga_Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Msimu wa barua umefika, vyuo vinakaribia kufunga na maofisini barua zinaingia kila siku, wengine wanaita intanshipu, wengine atachimenti, mi hapa nitasema fildi tuelewane. Nimekaa upande wa kupokea hawa vijana muda mrefu na kitu kinachonikera ni jinsi waajiri wengi tunavyopiga hesabu kuanzia mkiani, zimekuja barua 15 basi tuchukue 10 tuwasaidie watoto wa watu, halafu siku wanaripoti ndo tunaanza kuulizana huyu akae wapi, yule mpeleke masijala akapange mafaili, huyu akae mapokezi apokee simu, na waliobaki wanazunguka kwenye korido na simu zao mpaka saa ya kutoka. Miezi miwili imeisha hapo.

Msimamo wangu, na najua kuna watakaonipinga: idadi ya wanafunzi haipangwi na barua, wala na viti vilivyo wazi, wala na huruma ya mkurugenzi. Inapangwa na masaa ya watu watakaowasimamia, basi.

Piga hesabu hivi. Mwanafunzi mgeni kabisa wiki mbili za mwanzo anakula kama saa nzima kila siku ya mtu anayeijua kazi, sio saa ya mfululizo, ni dakika kumi asubuhi, maswali ya hapa na pale, na jioni kupitia alichofanya. Baada ya hapo inashuka mpaka labda masaa mawili matatu kwa wiki. Sasa mchukue huyo unayetaka kumpa jukumu uangalie ana safari ngapi, likizo yake lini, mwezi wa kufunga hesabu ni upi, kisha muulize mwenyewe kama anataka. Ndiyo, kama anataka. Kuna watu wanaijua kazi balaa ila hawapendi kufundisha, ukimlazimisha atamtafutia kijana kazi ya kumtoa tu machoni pake. Na akikubali mpunguzie kitu kingine kwenye majukumu yake, mana kusimamia nako ni kazi, ukiipachika juu ya kazi zake zote bila kuihesabu itakuwa ya kwanza kuachwa mambo yakibana. Msimamizi mmoja wanafunzi wawili inatosha, watatu ndo mwisho. Ufaransa wameliweka mpaka kwenye sheria, mtu mmoja hasimamii zaidi ya watatu kwa wakati mmoja, na kampuni yenye wafanyakazi 20 kwenda juu wanafunzi wasizidi asilimia 15. Bila shaka walishaona ofisi ambazo wanafunzi ndo wamekuwa wafanyakazi wenyewe.

Ukishapata mtu ndo utafute kazi, na hapa ndo penye utamu. Kazi ya fildi naipima kwa maswali matatu. Kuna mtu anaisubiri? Yaani ikiisha kuna mtu ataifungua aitumie, isiende kulala kabatini. Ikichelewa au ikikosewa ofisi inabaki salama? Na je inaisha ndani ya wiki alizonazo? Kila ofisi ina kazi za namna hii zimelala, zile ambazo kila kikao mnasema tutafanya tukipata nafasi. Uhasibu kuna orodha ya wadaiwa wa muda mrefu haijawahi kulinganishwa na ankara zenyewe na risiti, nani kalipa nusu, nani kaandikiwa mara mbili. Stoo kuna vipuri vina majina matatu tofauti kwenye mfumo na kumbe ni kitu kile kile. IT kuna mfumo unaishi kichwani mwa mtu mmoja, hakuna hata ukurasa wa maelezo, siku akiugua ofisi nzima inamwombea. Karakana kuna mashine inasimama kila wiki na hakuna aliyewahi kukaa chini akaandika imesimama saa ngapi, kwa muda gani, kwa nini. Mpe hiyo. Mwanafunzi wa uhandisi akiandika kusimama kwa mashine moja kwa mwezi mzima, akazipanga sababu kuanzia inayokula masaa mengi, kisha akakaa mbele ya fundi mkuu akahojiwa, ameondoka na kitu ambacho darasani hakipatikani, na nyie mmepata jibu la swali lenu.

Fotokopi na chai? Afanye kama kila mtu ofisini anavyofanya, hakuna mkubwa wa fotokopi. Tatizo ni pale fotokopi inapogeuka kuwa ndo fildi yenyewe.

Halafu hiyo kazi iandikwe. Nusu ukurasa tu, kabla hujajibu barua ya chuo: atafanya nini, kwa ajili ya nani, ikiisha itaonekanaje, anahitaji vifaa gani, atakaa na nani. Ukishindwa kuijaza hiyo nusu ukurasa basi huna nafasi, mjibu mapema kwamba haipo akatafute kwingine akiwa bado ana muda. Watu wanaona kukataa ni roho mbaya, mi naona roho mbaya ni kumkubali halafu ukamtupa korido.

Maandalizi ya siku ya kwanza sitayaongelea sana, ni meza, kompyuta, kitambulisho, akaunti ya kuingilia kwenye mfumo, na walinzi getini wawe na jina lake. Inaonekana kitu kidogo ila nimeona wiki nzima ikiliwa na paswedi, kijana amekaa anasubiri mtu wa IT arudi safari.

Mrejesho sasa. Kwenye fomu za chuo kuna vile viboksi vya "vizuri sana, vizuri, wastani", msimamizi anavijaza siku ya mwisho akiwa amesimama, wote vizuri sana ili asigombane na mtu. Haisaidii kitu. Kaeni nusu saa kila mwisho wa wiki, mwambie jambo moja alilofanya sawa na kwa nini lilikuwa sawa, na jambo moja la kurekebisha wiki ijayo. Na katikati ya fildi, sio mwisho, mpe tathmini ya maandishi akiwa bado ana wiki za kubadilika. Ukimwambia siku ya mwisho kwamba repoti zake zilikuwa ndefu hazina jibu, atafanya nini na hiyo taarifa?

Suala la pesa nimeliacha makusudi, najua litakuja lenyewe. Karibuni.

kijiti_cha_mwisho

Uzi wa maana huu, naweka jamvi hapa.

Bosi_wa_Wanne

Mkuu umeongea vizuri ila unaongea kama mtu wa kampuni kubwa. Mi ofisi yangu tuko wanne, mimi mwenyewe ndo mkurugenzi, ndo mauzo, ndo dereva. Hiyo saa moja kwa siku inatoka wapi? Na barua naletewa tena na wazazi wenyewe wanakuja mlangoni, utamwambia nini mzazi wa mtu?

Mpanga_Zamu

@Bosi_wa_Wanne mkuu ofisi ndogo mi naziona zina bahati kuliko kubwa, kijana anaiona kazi nzima kuanzia mteja anaingia mpaka pesa inaingia, kwenye kampuni kubwa anaona kipande kimoja tu cha kwenye idara moja. Chukua mmoja. Atembee na wewe, ukienda kwa mteja aende, akae kimya asikilize aandike, mkirudi aandae kumbukumbu za kikao na rasimu ya makadirio ya bei, we unasahihisha. Hapo husimami kazi kufundisha, unafundisha ukiwa unafanya. Ila wawili kwako ni wengi. Kingine unaweza kuongea na jirani yako wa biashara mkamgawana, wiki nne kwako, nne kwake, ilimradi chuo kimeambiwa na kuna mmoja anayebeba jina la msimamizi kwenye karatasi. Na mzazi wa mtu mwambie ukweli, nafasi ipo moja na imeshajaa.

binti_wa_takwimu

Samahanini wakubwa zangu mi ndo upande wa pili, niko mwaka wa mwisho. Fildi yangu iliyopita nilipangiwa ofisi moja sitaitaja, siku ya kwanza tukaambiwa karibuni sana jisikieni nyumbani, ya pili tukaambiwa subirini msimamizi yuko kikaoni, na kweli tulijisikia nyumbani mana tulikaa tu. Logibuku inataka kila siku uandike ulichofanya sasa utaandika nini, watu tulikuwa tunanakili kwa wenzetu waliofanya fildi mwaka juzi, kazi za watu wengine kabisa, na msimamizi anasaini kurasa zote kwa mkupuo bila kusoma. Mwisho wa siku nikapata alama nzuri tu. Sasa naenda kwenye interviu naulizwa nieleze kitu nilichofanya fildi, nieleze kipi?

Swali langu kwa @Mpanga_Zamu, mwanafunzi akijikuta hapo afanye nini, mana kuomba kazi unaonekana una kiherehere na kukaa kimya unaonekana huna bidii.

Mpanga_Zamu

Pole mdogo wangu. Usiombe "kazi", omba kitu chenye jina. Wiki ya kwanza angalia wanahangaika na nini, mfano kila Ijumaa mtu anakaa masaa matatu ananakili namba kutoka karatasi kwenda Excel, mfuate yule yule anayehangaika umwambie naomba Ijumaa hii nikae na wewe nione, ijayo nijaribu mimi we uhakiki. Mtu aliyechoka hakatai hilo. Ila nasisitiza huo ni ujanja wa kujiokoa tu, mzigo sio wa mwanafunzi, ni wa aliyesaini barua ya kukubali.

Na wasimamizi mnaosaini logibuku kwa mkupuo, jamani, dakika tano kila Ijumaa. Ukisoma alichoandika utagundua hata nyie mlichomwelekeza hakukielewa.

Mwl_Zamu_ya_Jioni

Nimefundisha chuo na nimezunguka sana kukagua wanafunzi kwenye vituo, ngoja niongezee kutoka upande wetu.

Kwanza haya mambo ya kuchanganya chuo na kazi yana historia ndefu. Kule Marekani mhandisi mmoja aliyekuwa mwalimu, Herman Schneider, alianzisha utaratibu Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1906 na wanafunzi 27 wa uhandisi, wiki moja wako darasani wiki inayofuata wako kiwandani, wanapishana. Watu walimwona anachezea elimu. Baadae Waterloo ya Kanada ikaanza mwaka 1957 ikiwa imejengwa juu ya utaratibu huo huo wa kupishana, muhula wa masomo na muhula wa kazi ya kulipwa. Ninachotaka mkione hapo ni ule mpishano, mwanafunzi anarudi darasani akiwa na maswali ya kazini, halafu anarudi kazini akiwa na majibu ya darasani. Fildi zetu nyingi ni kipande kimoja cha wiki nane mwishoni, ndo mana tunategemea sana huyo msimamizi mmoja.

Pili, waajiri hamtuulizi. Barua ya chuo inasema "mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhasibu" nyie mnadhani anajua kufunga hesabu, kumbe somo lenyewe lipo mwaka wa tatu. Pigeni simu idarani, ulizeni huyu ameshasoma nini na hajasoma nini, ombeni orodha ya malengo ya fildi. Ipo, imekaa kwenye mafaili, hakuna anayeiomba. Ukipata ile orodha unachukua kazi yako uliyoiandika nusu ukurasa kama alivyosema mwenye uzi, unaangalia inagusa malengo yapi. Isipogusa hata moja badilisha kazi au rudisha barua.

Tatu, na hii ni lawama kwetu, mkaguzi wa chuo anakuja mara moja anakaa nusu saa anakunywa soda anaondoka. Msituachie. Tukija tupelekeni mezani kwa mwanafunzi, mwambieni atuonyeshe kazi, sio msimamizi atuelezee.

spana17

Mi niko kiwandani hapa wote mmeongea kiofisi ofisi sana, huku kwetu fildi mbaya haichoshi tu, inakata kidole. Mwanafunzi anakuja na raba za mtaani na amevaa pete, anataka kugusa kila kitu mana ameshaona video. Kwetu utaratibu ni kwamba haingii karakana mpaka apewe buti, helmeti, miwani na glavu za saizi yake, sio zile za kuazima za mtu mwenye miguu mikubwa anatembea anajikwaa. Siku mbili za kwanza ni usalama tu, wapi pa kuzimia mashine, njia za kutokea, alama, nani ana ruhusa ya nini. Halafu lazima ajue kufunga na kuweka lebo kwenye swichi kuu kabla fundi hajaingiza mkono, na kwamba lebo ya mtu haitolewi na mtu mwingine hata kama ni bosi.

Ila kitu ambacho mi nakisisitiza kuliko vyote ni kumwambia wazi kwamba ana haki ya kusema hapana. Kijana wa fildi anaogopa, akiambiwa panda pale juu anapanda, akiambiwa shika hapa anashika, anafikiria alama. Sasa mi siku ya kwanza namwambia mbele ya mafundi wote, huyu akisema sijafundishwa kufanya hiki basi hafanyi na hakuna wa kumcheka. Mbele yao, mana ukimwambia chemba haina nguvu.

Na bima jamani. Muulizeni chuo, bima ya mwanafunzi inamfuata mpaka kiwandani au inaishia getini kwao? Akiumia ndo mtaanza kutafutana.

Mpanga_Zamu

@spana17 hii ilipaswa kuwa kwenye uzi wenyewe. Nakubaliana kila neno.

Old_Skuli

Naona mnawalea sana. Sisi tulifagia karakana miezi, tukabeba mizigo, hatukulipwa hata nauli, na leo tuko hapa tunasimamia watu. Mkianza kuwalipa na kuwabembeleza na tathmini kila wiki mnatengeneza vijana laini. Fildi ni shule, nani analipwa kwenda shule?

Mpanga_Zamu

Nilijua utakuja tu mkuu.

Tuanze na hao tusiowaona. Wewe na mimi tuliweza kukaa miezi bila kulipwa kwa sababu kuna mtu alitulisha na tulikuwa na pa kulala. Ambaye hakuwa na mtu hakuja, na hatukumjua kwa sababu hakuja. Ofisi isiyotoa hata nauli na chakula cha mchana inachagua wanafunzi kwa uwezo wa wazazi bila kusema, halafu tunakaa tunashangaa mbona wanaoomba ajira wote wanafanana. Ikulu ya Marekani yenyewe ilianza kuwalipa vijana wake wa intanshipu mwaka 2022, miaka yote ya nyuma ilikuwa bure, na aliyekuwa anaweza kukaa mji mkuu ule bila mshahara unaweza kumkisia.

Kingine ni mwajiri mwenyewe. Ukimlipa mtu hata kidogo unaanza kujiuliza huyu anafanya nini leo. Wa bure hakuna anayemuulizia, ndo mana anaishia korido. Nimeona idara inabadilika kabisa baada ya posho kuingia kwenye bajeti yao wenyewe badala ya kutoka HR, ghafla mkuu wa idara anataka kujua ratiba ya kijana.

Na hiyo hoja ya shule, Marekani waliipeleka mpaka mahakamani, kesi ya vijana waliofanya kazi bila malipo kwenye utengenezaji wa filamu. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaweka vigezo saba vya kuangalia nani ananufaika zaidi, mwanafunzi au kampuni, na wizara yao ya kazi ikavichukua 2018 kwa kampuni za kibiashara. Vinauliza mambo kama je mafunzo yanafanana na ya darasani, yamefungwa na masomo yake, yanaheshimu ratiba ya chuo, na je anafanya kazi pembeni ya wafanyakazi au amechukua nafasi ya mfanyakazi. Kwa hiyo hata kwa wanaosema ni shule, jibu ni sawa, basi iwe shule kweli, yenye mwalimu. Ukimwondoa karani ukamweka mwanafunzi hiyo sio shule tena, umepata karani wa bei poa. Ufaransa ikizidi miezi miwili posho ni lazima, na mwisho ni miezi sita kwa mwaka wa masomo. Na wameziba ujanja mwingine, nafasi aliyotoka mwanafunzi mmoja humweki mwingine hapo hapo, unasubiri theluthi moja ya muda aliokaa yule wa kwanza. Hiyo naipenda sana, mana kuna ofisi dawati la mapokezi halijawahi kuwa na mwajiriwa, ni fildi kupokezana fildi.

Kufagia sina neno. Kila mtu afagie alipochafua.

Old_Skuli

Hapo kwenye karani wa bei poa sina hoja. Ila tathmini kila wiki bado naona ni kudekeza.

mama_K_HR

Mie naomba nilete kitu ambacho naona wanaume humu wamekipita. Msimamizi ndo anashika kalamu ya alama. Binti wa miaka 20 amekaa na mtu mmoja miezi miwili, yeye ndo anasaini logibuku, yeye ndo anaandika barua ya pendekezo, na huyo huyo ndo anamwambia njoo Jumamosi ofisini tumalizie repoti. Akitaka kulalamika anakwenda kwa nani? Rushwa ya ngono kwenye fildi haianzi na vitisho, inaanza na upendeleo.

Kwa hiyo kwetu tumeweka mambo ambayo sasa hatuyajadili. Kila mwanafunzi ana mtu wa pili, wa idara nyingine, asiyehusika na alama zake kabisa, na anakutana naye wiki ya kwanza, sio anapewa tu namba kwenye karatasi. Alama zinasainiwa na wawili. Hakuna kazi ya mwisho wa wiki ya watu wawili chumbani. Na siku ya kwanza wanaambiwa wazi, wavulana na wasichana wote mana na wavulana wanapata shida hizi, kwamba wakihamishwa idara kwa sababu ya malalamiko alama zao haziguswi. Msimamizi mzuri hakereki na utaratibu huu. Akikereka mnamwangalia vizuri.

binti_wa_takwimu

Asante sana dada @mama_K_HR. Hiyo ya mtu wa pili ingetusaidia wengi.

mjomba_hayupo

Uchaguzi je? Mbona hamjagusa, nafasi zinaisha kabla hazijatangazwa, mtoto wa meneja, mpwa wa mhasibu, rafiki wa dereva wa mkurugenzi. Sisi wa barua za kawaida tunasubiri getini.

mama_K_HR

Ni kweli na ni aibu. Njia nyepesi ni kutangaza mapema, tarehe moja ya mwisho, na maombi yote yapite sehemu moja, hata ya mtoto wa meneja. Msiweke masharti ya uzoefu, mtu anakuja kutafuta huo uzoefu halafu unamuuliza anao? Badala ya CV ambayo kwa mwanafunzi haina kitu, mpe kazi ndogo ya nusu saa inayofanana na atakayofanya, kwa mfano jedwali lenye makosa aseme ameona nini. Halafu interviu ya dakika kumi na tano ya kawaida tu. Na mtoto wa meneja akipita kwa haki aje, ila asikae idara ya mzazi wake.

Rudisha_Seva

Kwa upande wa IT shida yetu ni kuogopa. Mtu wa fildi akija wanampa ama kila kitu ama hakuna kitu. Nimeshuhudia mwanafunzi anapewa paswedi ya msimamizi mkuu wa data za wateja kwa sababu "ni mtoto mwelewa", na pengine anakaa wiki sita anabadilisha wino wa printa. Vyote ni uvivu wa kutengeneza akaunti. Fungua akaunti kwa jina lake, yenye ruhusa za kusoma tu, kwenye seva ya majaribio yenye data za kubuni, na tarehe ya kujifunga yenyewe siku fildi inaisha. Mfanye asaini fomu ya usiri ila umweleze ina maana gani, sio saini hapa na hapa. Kodi ya programu (code) aliyoandika ipitiwe na mtu kabla haijaingia kwenye mfumo wenyewe, kama tunavyopitia ya mfanyakazi yeyote, na kupitia huko ndo darasa lenyewe, mana anaona maoni mstari kwa mstari. Kazi nzuri ya kuanzia ni makosa madogo ambayo wateja walishayalalamikia, ya siku moja siku mbili, ili wiki ya kwanza awe ameshakamilisha kitu.

Na kwa wanaotoa fildi za kufanyia nyumbani, inawezekana ila msimwache kijana anaongea na skrini. Simu ya video fupi kila asubuhi kwa wakati ule ule, na ajue anaruhusiwa kumsumbua nani bila kuomba radhi.

kijiti_cha_mwisho

@Mpanga_Zamu tuwekee basi mfano wa wiki nane zinaendaje, tunaotaka kuanza msimu huu tuwe na pa kushika.

Mpanga_Zamu

Sawa ila msiifanye amri, kila kazi ina mwendo wake. Wiki ya kwanza anatembezwa idara zote, usalama, mfumo, na anafanya kitu kimoja kidogo mpaka kinaisha. Ya pili anakaa na msimamizi wanafanya kazi pamoja, na Ijumaa anaeleza kwa maneno yake kazi yake kuu ni ipi. Ukiona hawezi kuieleza rudini kwenye ile nusu ukurasa, labda kosa liko kwenye karatasi sio kwake. Kuanzia ya tatu anashika mwenyewe, we unakuwa wa kuhakiki. Ya nne tathmini ya maandishi, na huyo mtu wa pili wa @mama_K_HR anaongea naye chemba. Ya tano mpaka ya sita ndo kazi yenyewe inanoga, na mi hapo napenda kumpeleka kwenye kikao kimoja ambacho kazi yake inaongelewa ili aone watu wakibishana juu ya namba alizotengeneza yeye. Ya saba anaandika na kukabidhi, mafaili yote yaende mahali ambapo mwingine atayapata. Ya nane anawasilisha dakika kumi mbele ya waliokuwa wanaisubiri ile kazi, maswali, kisha mnakaa naye mnamuuliza na yeye awape tathmini nyie. Hiyo ya mwisho watu wanairuka, na ndo inayokwambia msimamizi yupi umpe tena mwakani na yupi usimpe.

Barua ya pendekezo iandikwe wiki hiyo hiyo ya nane msimamizi akiwa bado anakumbuka. Itaje kazi. "Alilinganisha madeni ya wateja na ankara, akabaini yaliyoandikwa mara mbili" inamsaidia kuliko kurasa mbili za mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu. Na kama mnaona mngependa kumwajiri akimaliza chuo mwambieni, kama hakuna nafasi pia mwambieni, msimwache na "tutakupigia".

Bosi_wa_Wanne

Nimesoma yote. Basi nachukua mmoja, nimeona kuna kazi ya kupanga rekodi za wateja wa zamani tujue nani hajarudi na kwa nini, hiyo naisubiri mwenyewe miaka. Nafikiria aje nusu siku tu asubuhi, mchana niko barabarani.

Mpanga_Zamu

Piga simu chuoni kwanza mkuu, vyuo vingine vina idadi ya masaa ya lazima, nusu siku inaweza isimtoshe. Na huko barabarani nenda naye.